Fundi Visu na Swali la Kampuni

Fundi visu hakuwa mtu wa kuhangaika. Anayengoja chuma kiive motoni hujifunza subira apende asipende, na yeye alikuwa akingoja vyuma kwa miaka thelathini na moja. Lakini tangu Jumatatu ile ujumbe ulipoingia, alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Anaketi, anasimama. Anavukuta moto, anauacha ufe. Anaitoa simu mfukoni, anasoma, anairudisha, na kabla hajaishika nyundo keshaitoa tena, utadhani maneno yangeona haya kwa kusomwa mara nyingi yakabadilika.

Maneno yalikuwa yale yale. Kampuni ya malipo ya mtandaoni, ile iliyokuwa ikipokea pesa za wateja wa mbali na kumfikishia, ilikuwa imemfungia akaunti. Sababu: anauza visu na silaha. Kama ana pingamizi, atume video inayoonyesha matumizi ya bidhaa zake ndani ya siku tatu.

"Na silaha," alimwambia mkewe, amesimama mlangoni mwa jiko kwa mara ya nne asubuhi hiyo. "Mimi na silaha wapi na wapi?"

"Wewe kula kwanza," mkewe akasema.

Hakula. Alirudi karakanani akavipanga upya visu ambavyo alikuwa ameshavipanga. Cha kumenyea, cha mkate, cha nyama, na kile chenye mpini mnene alichombunia mpishi mmoja ambaye vidole vyake vilikakamaa kwa baridi yabisi. Vyote alivifua kwa springi za malori makuukuu. Zamani aliviuza sokoni, akijigamba kuwa chema chajiuza, mpaka vilipokuja visu vya kiwandani vyembamba kama bati, bei ya kutupa, na chema chake kikakaa mezani kikiota kutu. Binti yake, mkunga katika mji mwingine, ndiye aliyemwokoa. Alivipiga picha, akaviweka mtandaoni, na wapishi wa kila pembe wakaanza kuagiza. Kwa miaka mitatu fundi alikuwa fundi tena. Bila akaunti ile hakuna agizo, na bila maagizo kulikuwa na shemeji yake tu.

Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa na ghala la saruji, na kwa muda mrefu alikuwa akimtaka fundi akawe mlinzi wa mchana pale. Alimbembeleza kwa ule wema unaonuka kejeli kidogo. Safari hii alitaka jibu kabla Ijumaa haijaisha, la sivyo anamchukua mtu mwingine.

Kosa lenyewe fundi alilitenda kwa mkono wake. Kampuni ilikuwa imeleta fomu ya kila mwaka, na ndani yake swali: je, unauza visu, silaha au vitu vyenye makali? Mtu mwingine angejikuna kichwa kwanza. Yeye alitia alama kwenye Ndiyo bila kusita, maana angejibu nini tena? Huyu ni mtu ambaye kisu kikimtoka laini hukivunja mbele ya mteja na kumwambia arudi wiki ijayo. Kuhusu visu alikuwa hajawahi kusema uongo, hata wa kumfurahisha mtu.

Jumanne binti alipiga simu. "Baba, kwenye hiyo video kata kitunguu tu. Kitunguu, basi."

"Sawa, mwanangu."

Akakata simu, akaanza kuzunguka karakana, na kadiri alivyozunguka ndivyo alivyozidi kuchukia. Kitunguu! Kitunguu hata kifuniko cha kopo kinakata. Wakuu wa kampuni wanataka kujua kisu chake kinafaa nini, halafu yeye awaonyeshe kitunguu? Akamwita mkewe aje ashike simu, akakijaribu kisu mbele ya kamera kama alivyofundishwa na bwana wake wa uhunzi. Kwanza alijinyoa malaika ya mkono wa kushoto, kavu, bila maji. Kisha akaning'iniza kamba ya katani, akaikata kwa pigo moja. Mwisho akakididimiza kwenye ubao kwa nguvu zake zote, akakichomoa, akaisogeza ncha karibu kabisa na kamera waone haikupinda. "Kisu changu hakigomi," akasema, huku jasho likimtiririka. Kisu kilipozama ubaoni, mkewe alirudi nyuma hatua moja, simu mkononi.

Usiku huo alilala fofofo.

Jibu lilifika Alhamisi. Akaunti imefungwa moja kwa moja kwa kutuma maudhui ya vurugu, na hakuna rufaa nyingine.

"Baba, mlituma nini?" binti akauliza kwenye simu. Alipoelezwa, akauliza tena. "Na kitunguu?"

"Kukata kitunguu nani hajui?"

"Hawakuuliza kama kinakata, baba. Waliuliza kama kitamdhuru mtu."

Fundi alibaki ameishika simu sikioni baada ya binti kuaga. Katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, wala yeye hakuwahi kujiuliza. Iliuma kuliko ujumbe wenyewe.

Jioni mkewe alimjia na shauri. "Baba watoto, tufungue nyingine kwa jina langu. Tuandike vyombo vya jikoni. Pale kwenye swali tunatia Hapana, yamekwisha."

"Niseme siuzi visu?"

"Useme tu. Nani atakufa?"

Mimi ningesema, na wewe msomaji ungesema, tena mchana kweupe. Fundi alitoka nje, akarudi, akatoka tena, akaizunguka nyumba kama anayetafuta ufunguo. Ijumaa asubuhi alikwenda kwa shemeji.

Jumatatu alianza kazi. Shemeji alimkabidhi kofia, filimbi na daftari la wageni, kisha akavuta droo akatoa kisu kirefu ndani ya ala ya plastiki.

"Na hiki."

"Cha nini?"

"Wewe ni mlinzi, shemeji. Mtu akija kwa ubaya, unamchoma."

Fundi akakichomoa. Kilikuwa cha kiwandani, chepesi, chenye umbo lisilofaa kumenyea wala kukatia mkate. Akapitisha kidole gumba kwenye makali kwa mazoea. Kilikuwa butu kama kijiko. Ndicho kisu cha kwanza alichopata kushika kilichotengenezewa mwili wa mtu. Aliona aibu, akatamani kukiweka chini na hakujua akiweke wapi.

"Kikali hicho?" shemeji akauliza. "Kama butu kakinoe, si ndiyo fani yako."

"Kikali sana," fundi akasema, akakirudisha kwenye ala.