Kiganja cha Unga

Mjukuu wangu alipoposwa, aliniambia mbele ya bibi yake: "Babu, wewe ndiye mume wangu wa kwanza. Basi utanipeleka mwenyewe kwa huyo wa pili, na gari letu lilelile."

"Lile linalovuja?" mke wangu akadakia. "Mke mwenzangu, utafika ukumbini unanuka gereji."

Hakusema uongo. Kila nilipoliegesha mbele ya nyumba yetu hapa Kariakoo, gari liliacha dimbwi dogo la oili. Miaka yote hiyo nilitandika boksi chini na kuongeza oili juu, nikijidanganya kwamba hiyo ndiyo dawa. Sasa harusi ilikuwa inakaribia, na hamu yangu ya kumpeleka binti yule ilikuwa kubwa kuliko nilivyoonyesha.

Fundi aliiosha injini, akalala chini ya gari, akatoka na jibu. "Mzee, hii ni sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili. Tushushe injini."

Injini ikishushwa, harusi ingepita gari likiwa gereji. Nikamwomba aniache nifikirie.

Asubuhi yake nilifungua boneti, nikasimama tu kama mtu aliyesahau alichofuata. Mke wangu alikuwa anataka kukanda unga wa maandazi. Akaja kuchungulia na bakuli lake, akaegemea injini kwa mkono uliojaa unga.

"Unachafua! Imeoshwa jana."

"Unga huu ni msafi kuliko gari lako lote. Hebu liwashe."

Nikaliwasha, tukangoja. Alama ya kiganja chake ilibaki nyeupe ubavuni mwa injini. Kisha uzi mweusi ukateremka taratibu, ukapita katikati ya vidole. Ulitoka juu.

"Kama paa letu," akasema. "Bati limetoboka chumbani, ndoo tunaweka sebuleni."

Nikazima gari, tukainyunyizia injini unga uliobaki, tukicheka kama watoto, kisha nikaliwasha tena. Kote kukabaki kweupe, isipokuwa chini ya kifuniko cha juu. Hapo moyo ukanisuta. Ni mimi niliyezikaza boliti za kifuniko kile kwa nguvu zangu zote, oili ilipoanza kutokeza miaka ile, nikaiponda gasketi, ule mpira unaoziba chini yake. Fundi nilimficha. Mke wangu nikamwambia.

Alicheka hadi akakaa barazani. "Ndivyo unavyofunga chupa ya chai! Ukishaifunga wewe, nyumba nzima hainywi."

Maandazi hatukula siku ile. Nilikwenda maduka ya spea mtaa wa Gerezani, nikanunua gasketi mpya, na nikamweleza fundi ukweli wote. Akaifunga mwenyewe, akininyang'anya spana kila nilipoigusa. Usiku nikatandika boksi jipya chini ya gari. Asubuhi lilikuwa kavu, nami nikaenda kumwamsha mke wangu aje alione.

Siku ya harusi shela lilijaa kiti chote cha nyuma.

"Mume wangu, usikimbize," mjukuu akaniambia. "Huyo wa pili na angoje."

Tulipofika ukumbini, wanawake walikuwa wamejipanga mlangoni. Mke wangu akashuka. Badala ya kumshika bibi harusi mkono, alikunja gauni lake jipya, akainama kuchungulia chini ya gari. 

Akainuka, mikono juu. "Pakavu!"

Vigelegele vikalipuka. Nadhani wengi waliopiga hawakujua wanashangilia nini. Mimi nilijua.