Kifuniko cha Mtungi wa Mpendae

Shangazi yangu alikuwa na santuri nne za nyimbo zake, maneno yake na sauti yake, alizoimba kabla ya vita vikuu vya pili mbele ya fundi mgeni aliyepita mjini na mashine ya kunasia sauti. Alipoolewa, mumewe alizigawa moja moja, kama mtu agawaye watoto wa paka. Miaka ya hamsini ikaingia, mume keshakufa, na wimbo wake mmoja ukawa unaimbwa kila harusi na mwimbaji wa mtaa wa Ng'ambo aliyeapa kuwa kautunga yeye. Shangazi akisema ni wake, wanawake hucheka kwa adabu, na kicheko hicho huuma kuliko cha nguvu. Binti yake alikuwa aolewe baada ya Idi. Shangazi alitaka kuuimba siku hiyo bila ya kuambiwa kaazima.

Mimi nilikuwa nikiuza kanga majumbani. Siku moja kitongojini Mpendae, wakati huo minazi mingi kuliko nyumba, niliomba maji kwa bibi mmoja. Mtungi wake kaufunika santuri. Tundu la katikati kapitisha ugwe, kapiga fundo, ndiyo kishikio. Karatasi ya jina ilikwishabanduka, lakini ukingoni palikuwa na pengo dogo. Nikalijua: ndiyo santuri ya wimbo ule. Nililimega mimi utotoni, na bakora zake nilizihesabu.

Nikaomba kata ya pili ya maji, kiu sina. Kisha nikafanya kosa la mwanagenzi: nikaanza kukitukana kifuniko. Kizito, kina tundu, mjusi ataingia.

"Mwanangu," akasema yule bibi, "unavyokisema vibaya hivyo, nshajua unakitaka."

Nikamwachia doti moja ya kanga, ile nzuri, na ahadi ya kifuniko cha mbao. Njiani nilihesabu doti zangu mara mbili. Ilikuwa imepungua ile ile.

Ijumaa alasiri tukakusanyika kwa jirani mwenye gramafoni. Mwimbaji alikuwepo, nilimwalika mwenyewe. Upande wa juu, uliolaliwa na kata miaka yote, ulikwaruza kama mbuzi ya nazi. Mwimbaji akatabasamu. Shangazi akainamisha kichwa.

Nikaigeuza. Upande uliotazama maji ulikuwa mzima. Ikatoka sauti nyembamba, ya msichana, ambayo hata mimi nilikuwa nishaisahau. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wote waliokuwemo chumbani waliujua. Kisha ukaja wa nne, ambao hapana aliyeujua. Hapo ndipo mtunzi hujitaja, naye akajitaja, akamtaja na baba yake na mtaa wao.

"Ubeti huo sikufundishwa," akasema mwimbaji.

"Ungefundishwa vipi, bibi," akasema shangazi, "nawe jina lako halimo?"

Harusini shangazi aliimba beti zote, na yule mwimbaji akaitikia nyuma yake, vizuri, sina haja ya kumdhulumu.

Nilipompelekea bibi wa Mpendae kifuniko chake cha mbao, aliniuliza kama zimebaki santuri nyengine. Nikamwambia tatu. Tangu siku hiyo, kila nyumba niliyoingia, kabla ya kufungua furushi la kanga, niliomba maji.