Bwana Marehemu ni Mzima wa Afya

Kazi ya Benadetha ilikuwa kuwaandikia maprofesa na kuwakumbusha kwamba vitabu wanavyotaka kutoa kopi vina wenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akikaa ghorofa ya tatu ya jengo la vioo pale Rockville, Marekani, juu ya duka la magodoro, akiwajibu watu wa vyuo: kurasa ngapi, za kitabu gani, kwa wanafunzi wangapi, kwa ada gani. Kampuni yao ilisimamia haki za waandishi kwa niaba ya wachapishaji, na yeye alikabidhiwa vyuo vya Kanada, kwa sababu wenzake walikuwa wamechoka kugombana navyo.

Kabla ya hapo alikuwa akiosha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alipenda kusema kwamba wale wazee, hata waliomtemea uji, walikuwa na adabu kuliko wasomi. Mtu ana shahada tatu na nyumba kando ya ziwa, halafu anaandika kurasa nne kulalamikia senti kumi na tano. Barua inaanza kwa kuusifu ukarimu wa elimu na inaishia kwa kuomba bure. Na tangu vyuo vingi vya huko viache kulipa ile ada ya jumla ya kila mwanafunzi na kujitungia mwongozo kwamba sura moja ya kitabu, au sehemu ya kumi yake, ni halali kunakiliwa bila malipo, maprofesa wamekuwa mafundi wa kupima. Wanakikata kitabu kama muuza nyama anayejua mfupa uko wapi. Wenyewe wanaita matumizi ya haki. Kwao Muleba mtoto akikutwa amefunua chungu cha jirani, akasema amelamba sehemu ya kumi tu, anaitwa mdokozi na anachapwa.

Basi mwezi Machi likaja ombi la chuo kimoja cha Kanada. Walitaka kijitabu kizima cha Kiswahili, kurasa tisini na sita, kinachofundisha watu wazima kuandika barua: barua ya kuomba kazi, ya kuposa, ya kuulizia mzigo, ya rambirambi. Walitaka kukiweka mtandaoni kwa wanafunzi wao kwa miaka mitano. Kwa kuwa ni kitabu kizima, mwongozo wao haukuwasaidia; ilibidi waombe ruhusa na walipe. Benadetha akafungua rekodi ya kitabu kwenye kompyuta. Mwandishi: Bwana Silvanus K. Marehemu. Hali: hajapatikana. Barua tatu alishaandikiwa, na chini yake ofisa fulani alikuwa ameandika kwa uchungu kwamba Bwana Marehemu hana desturi ya kujibu.

Benadetha alicheka mpaka jirani yake akavua vidude vya muziki masikioni. Alielewa mara moja. Mchapaji alikuwa ameandika Silvanus K., halafu kwenye mabano, Marehemu. Mjuaji mmoja wa ofisini akayaondoa mabano, na neno lililobaki akalipa kazi ya jina la ukoo. Watu wa kampuni ile, wanaojisifu kwamba wanamjua kila mwandishi duniani, walikuwa wamekaa miaka wakisubiri maiti ajibu barua.

Hapo ndipo alipopaswa kukifungua kitabu, kilichoambatanishwa na ombi, aone huyo Silvanus alikuwa nani. Hakukifungua. Kicheko kilikuwa kitamu mno, akakibeba mpaka kwenye sherehe ya kipaimara Jumamosi ile, katika ukumbi wa chini ya kanisa, akakigawa pamoja na pilau. Watanzania walishika mbavu. Goretti wa Bukavu alipiga makofi: "Banamuandikia feu, mutu alishakufa, barua? Mon Dieu, na banangoja ajibu!" Hata Mama Respicius, mjane wa watu, mtu mzima asiyecheka ovyo, aliyeletwa Arlington na mwanawe kulea wajukuu, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la khanga.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Gervas. Huyu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na alitaka aitwe Dokta. Chuo kilichompa huo udokta hakuna aliyewahi kukiona. Wengine walisema ni cha mtandaoni, wengine walisema kimefungwa, na yeye aliwaacha wabishane kwa kuwa ubishi nao ulimtaja. Alivaa suti na kizibao hata Agosti. Akipewa kipaza sauti kumsalimia mtoto aliyepata kipaimara, mtoto atamaliza kula, atalala, ataamka, na Dokta bado yuko kwenye utangulizi. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa na tai.

Alimfuata Benadetha jikoni. "Dada Bena, umetuvunja mbavu kweli. Hicho kitabu kinaitwaje?"

"Kinaitwa Mwandikie Mwenzio."

"Na huyo mzee hana mtu kabisa? Hakuna aliye-claim?"

"Nani ata-claim? Hata jina lake hawalijui."

Gervas akatikisa kichwa kwa masikitiko, akachukua paja la kuku, akaondoka. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Wa Benadetha uliponza kichwa cha mwingine, tena kilichokwisha kuzikwa.

Wiki tatu baadaye meneja wake alimjia mezani amekenua meno. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyefurahia faili kufungwa kuliko likizo. "Tumempata Bwana Marehemu!" alisema. "Kumbe anaishi hapa hapa."

Barua ilikuwa na mhuri wa wakili na ilianza hivi: Mimi, Silvanus K. Marehemu, ni mzima wa afya njema na nina akili timamu. Iliendelea kueleza kwamba hilo lilikuwa jina la kalamu la Dokta Gervas, msomi na mwandishi, ambaye kwa unyenyekevu hakutaka kujulikana. Sasa, kwa ajili ya vijana, yuko tayari kupokea ada ya chuo kile na kutia saini kwamba kitabu ni chake. Akishatia saini, kampuni ingemwandika kuwa mwenye haki, na kuanzia siku hiyo kitabu kingekuwa cha Gervas kukiuza, kukibadilisha na kukiwekea picha yake mgongoni.

"Huyu ni mwongo," Benadetha alisema. "Marehemu maana yake ni mtu aliyekufa."

"Majina yote yana maana," meneja alijibu kwa upole wa mtu aliyehudhuria semina. "Mkwe wangu jina lake la ukoo maana yake ni makaburi, na anacheza tenisi kila Jumanne. Hatuwezi kumkataa mtu kwa sababu ya utamaduni wake."

"Si utamaduni. Amekufa."

"Basi niletee mwenye haki mwingine, mwenye vyeti. Yeye anakuja Alhamisi saa nne kutia saini."

Siku hiyo ndipo Benadetha alipokifungua kitabu. Ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno haya: Kwa Mama Respicius, ambaye kila barua yangu aliisoma kabla sijaifunga. Akakaa. Akakumbuka pindo la khanga na yale machozi ya kicheko, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumapili, baada ya misa, alimfuata mama yule kwenye maegesho ya magari. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenyong'onyea?"

Akampa simu yenye picha za kurasa. Mama Respicius alivaa miwani, akasoma pale mwanzo, akarudia mara ya pili huku midomo ikicheza. Hakuwahi kukiona kitabu hicho. Mumewe, Mwalimu Silvanus Kamugisha, aliyefundisha elimu ya watu wazima, alikuwa ameupeleka mswada kwa mchapaji mjini ndani ya bahasha ya kaki, na wiki ile ile akapooza, akafa. Mjane alipokwenda kuuliza, mchapaji alimwambia bahasha imepotea. Miaka kumi na tisa aliamini hivyo. Sasa alikuwa akiifungua sura ya tano, ya barua za rambirambi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hii alimwandikia dada yangu, alipofiwa na mtoto."

Akavua miwani, akasema, "Kumbe siku ile nilikuwa namcheka yeye."

"Nisamehe, Mama. Ni mimi niliyeanza."

Mama Respicius alimrudishia simu. "Ulinichekesha juu ya mume wangu mbele za watu," alisema. "Sasa utanipeleka huko kwenye hiyo ofisi yenu. Sitaki pesa za mtu. Nataka jina lake. Huyo bwana asilivae."

Alhamisi, saa nne kasorobo, Mama Respicius alikuwa ameketi kwenye kochi la mapokezi, mkoba magotini, na ndani ya mkoba vyeti viwili: cha ndoa na cha kifo. Benadetha hakumwambia meneja. Alitaka kwanza mwizi aingie mwenyewe ndani ya nyumba.

Gervas aliingia akinukia kama duka zima la manukato, kalamu ya rangi ya dhahabu mfuko wa juu. Alimwona Mama Respicius, akadhani amekuja kwa shida zake za karatasi, kama wazee wanavyotembezwa maofisini. Meneja alitoka na fomu mkononi. Benadetha alisimama kando yake, akaita kwa sauti ya kanisani, "Bwana Silvanus Marehemu!"

Gervas alisita. Mtu wa kwetu hajibu jina hilo kirahisi, hata kwa hela. Akatazama fomu, tamaa ikashinda. "Naam," alisema. "Ni mimi."

Ili amfikie meneja ilimlazimu kupita mbele ya kochi. Na kwa kuwa mama yake mzazi, pamoja na yote, alikuwa amemlea kwa adabu, kichwa kikainama chenyewe na mdomo ukatamka wenyewe: "Shikamoo, Mama."

Mama Respicius hakuitikia. Ile marahaba iliyotakiwa kufuata haikuja, na Gervas alibaki ameinama, akiisubiri.

"Tangu lini, Baba Respicius," mama aliuliza polepole, "mume akamwamkia mkewe shikamoo?"

"Sikuelewi, Mama."

"Umeitwa Silvanus, umeitika. Mimi ni mke wa Silvanus. Nilikuvisha suti ya kijivu kwa mikono yangu. Tulikuzika kibanjani, kwenye migomba, mvua inanyesha, wanafunzi wako wanaimba. Sasa niambie, mume wangu, Marekani umefikaje? Viza walikupa wapi?"

Gervas alifungua mdomo. Akasema kwamba kitabu alikuwa anakihifadhi tu, kwa niaba ya jumuiya, kisije kikapotea. Kisha akakumbuka kwamba ameegesha gari vibaya. Hakungoja lifti, alishuka kwa ngazi, na kalamu yake ikamdondoka njiani wala hakurudi kuiokota.

"Amesema nini huyu mama?" meneja aliuliza.

"Alikuwa anamkaribisha mumewe," Benadetha alisema, akaviweka vyeti mezani.

Kufuta lile jina kulichukua dakika arobaini, kwa sababu kompyuta yao hairuhusu mtu kupoteza jina la ukoo ila kwa ndoa, talaka au kosa la uchapaji. Walichagua kosa la uchapaji. Huko kanisani jina halikupotea, lilihamia. Mwenyekiti hakuitwa tena Dokta; watoto kwa wakubwa walimwita Marehemu, naye kila akiitwa aligeuka kabla hajakumbuka kutogeuka.

Ikabaki Kanada. Kampuni iliwaandikia kwamba mwenye haki amepatikana, na ada ya kitabu kizima ni hii. Chuo kilijibu upesi kuliko kilivyowahi kujibu lolote. Walikuwa wametafakari upya mahitaji ya wanafunzi. Kitabu kizima hawakihitaji tena. Watatumia sura ya tano peke yake, na sura moja, kwa mwongozo wao, haina malipo. Walishukuru sana.

Benadetha aliisoma barua hiyo mara tatu, akatukana kwa Kihaya. Wiki na wiki za kuombaomba, na walipoambiwa kitu kina mwenyewe, wakatoa kisu chao cha kupimia, wakakata pale penye rambirambi. Aliichapa, akaipeleka mwenyewe Arlington, akamsomea Mama Respicius mstari kwa mstari, akiufasiri kila mmoja kwa Kiswahili.

"Wamemwandikia nani?" mama aliuliza.

"Wamemwandikia Mwalimu mwenyewe. Bwana Silvanus Kamugisha."

"Jina wameliandika sawa?"

"Sawasawa. Lakini Mama, tuliwaambia kwamba amefariki, nakala ya cheti tuliwapelekea. Na bado wameanza hivi: Tunatumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya."

Mama Respicius aliichukua karatasi, ingawa Kiingereza hakukisoma, akapapasa jina la mumewe kwa kidole gumba. Kwa mara ya kwanza tangu ile sherehe alicheka, kicheko kifupi kisicho na machozi.

"Kalamu unayo?" aliuliza. "Wajibu, kama alivyofundisha. Waambie Bwana Kamugisha ni mzima wa afya njema. Hofu na mashaka ni juu yao."