Nilipiga kasia peke yangu kutoka Malindi, nikapokelewa kwa vigelegele visivyo vyangu

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliolala, mlioamka, na mlio ofisini mkijifanya mnafanya kazi.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo naupandisha kama ulivyo. Picha sina, simu ilikuwa ndani ya mfuko usioingia maji, na baadaye hali haikuwa ya kupiga picha. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na kubwa kuliko yote nililisababisha mwenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, mtu wa bara, nimekaa Malindi miaka ya kutosha, mtaa wa Barani. Nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno. Wiki nzima watu wanalia mbele ya meza yangu huku nikiwauliza jina la tatu na namba ya simu. Nimezoea. Dada yangu husema nina moyo wa friji, na sijawahi kubishana naye.

Kabla hamjakimbilia PM: nimeolewa.

Kayaki niliinunua kwa hoteli moja iliyokuwa inafunga biashara. Ni ya plastiki, ya kukaa mtu mmoja, rangi ya chungwa iliyopauka kwa jua. Naibeba juu ya tuktuk, na tukipita mjini watu wanacheka kwa sababu tunaonekana kama sisimizi aliyebeba muwa.

Mnauliza kwa nini mtu wa bara aingie baharini peke yake bila nyavu wala mshipi. Jibu ni fupi. Kule hakuna anayeniuliza daktari anafika saa ngapi.

Basi, ilikuwa Jumapili, msimu wa kaskazi, yale majuma ya mwanzo wa mwaka ambapo jua la Malindi halina utani lakini bahari asubuhi inatulia kabisa. Mpango wangu ulikuwa niteremke kusini, upande wa ndani wa mwamba unaozuia mawimbi, nipite Mayungu, nitokee Watamu. Maji yalikuwa yanajaa, kwa hivyo ningeelea juu ya matumbawe bila kukwaruza. Upepo ukiamka ungenisukuma mgongoni. Jamaa wangu wa tuktuk angenisubiri Watamu.

Life jacket nilivaa. Kofia, maji, ndizi, filimbi. Najua kuna mtu atauliza kuhusu papa, na mwingine atauliza mwanamke anajisaidia vipi huko katikati. Papa sijawahi kumwona. La pili, bahari ni kubwa, na mimi naogelea. Tuendelee.

Niliondoka mapema, ufuo ukiwa na mbwa tu. Sikumwuliza mtu yeyote habari za bahari.

Sasa, sikilizeni hapa. Siku za kawaida, ukikaribia Mayungu unaanza kukutana na watu. Kuna hori, ile mitumbwi midogo ya mtu mmoja au wawili, kuna maboya ya nyavu, kuna wazamiaji wa pweza. Wananijua. Wananitania. Mmoja hunipigia kelele, "Mama, shusha nyavu basi, ama watembea tu?" Mwingine huuliza nani ananifukuza.

Siku hiyo hapakuwa na mtu.

Hakuna hori. Hakuna boya lililokuwa na mwenyewe. Maji meupe chini, samaki wadogo wanapita, na sauti ya kasia langu peke yake. Nikafikiri ni kwa sababu ni Jumapili, wameenda kanisani. Halafu nikakumbuka kwamba nusu ya wavuvi wale ni Waislamu. Sikuendelea kujiuliza. Ukweli ni kwamba nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Leo bahari yote yangu," na nikala ndizi.

Kusini ya Mayungu kuna kijiji ambacho nitakiacha bila jina. Nilipokikaribia niliona ufuo umejaa watu. Wanaume wamesimama, wanawake wamekaa chini ya vibanda vya makuti. Nikajua ni harusi au mkutano wa siasa.

Mtu mmoja akasimama akanyoosha kidole. Halafu wengine wakasimama. Halafu nikasikia vigelegele.

Niliangalia nyuma kuona ni nani anayekuja. Hapakuwa na mtu nyuma. Kulikuwa na jua tu, bado liko chini juu ya maji, linawaka machoni.

Nikaona basi ni mimi. Wakuu, mtu ambaye kazi yake ni kutukanwa kwa sababu foleni ni ndefu, siku akipigiwa vigelegele na kijiji kizima hajiulizi maswali. Nikainua mkono nikawapungia. Vigelegele vikazidi. Nikageuza kayaki kuelekea ufuoni, na nikaongeza kasi, kwa sifa tu, nikipiga kasia kushoto kulia kama niko mashindanoni.

Mwanamke mmoja mzee akaingia majini akikimbia. Hakuvua kitu wala hakukunja leso. Alikuja mpaka maji yakamfika kiunoni, mikono imenyooshwa mbele, na alikuwa anaita jina. Upepo ulikuwa umeanza mgongoni kwangu na ulikuwa unayarudisha maneno yake kwao, kwa hivyo sikulisikia mpaka nilipofika karibu kabisa.

"Kahindi! Kahindi wangu!"

Akashika kayaki pale mbele. Akaniangalia usoni. Akaangalia life jacket. Halafu akaangalia nyuma yangu, kwenye kile kishimo cha kuwekea mizigo, pasipotosha hata mbuzi.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Nani, mama?"

Kule ufuoni waliokuwa nyuma walikuwa hawajajua bado, kwa hivyo vigelegele viliendelea kidogo, halafu vikapungua kimoja kimoja mpaka kukawa kimya. Mama yule alikuwa bado ameshika kayaki. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na sikujua niiweke wapi mikono yangu.

Akaja msichana mmoja akamtoa majini. Baadaye nilijua anaitwa Dama, na ni binti yake. Nyuma yake akaja mwenyekiti wa wavuvi wa pale, mzee mwembamba mwenye sauti ya pole.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, ndipo akauliza.

"Watoka wapi?"

"Malindi."

"Na hukuambiwa bahari imefungwa?"

"Sikumwuliza mtu, mzee."

"Ndiyo hiyo sasa," akasema. Hakugomba. Ningependa angegomba.

Akanieleza. Kahindi, mtoto wa kiume wa yule mama, alitoka na hori yake juzi, peke yake, akavuke mwamba kidogo atege, arudi. Hakurudi. Na pale kwao, mtu akipotea majini hakuna anayeingia baharini kuvua mpaka apatikane. Wanaoingia ni wa kumtafuta tu. Habari inapelekwa kwa majirani juu na chini, nao wanafunga. Boti mbili za mashine zilikuwa zimeenda kusini tangu alfajiri, nje ya mwamba.

"Kwa hivyo siku kama hii," akasema, "kikionekana chombo kinatoka upande ule, kidogo, cha mtu mmoja, mtu atafikiri nini?"

Nilielewa. Jua lilikuwa nyuma yangu. Kutoka ufuoni walikuwa wanaona kivuli tu: chombo chembamba, mtu mmoja, kasia. Na yule mtu akainua mkono.

Mwenyekiti akaniuliza niliona nini njiani. Nikamwambia ukweli kwamba sikuona kitu. Wakuu, nilitamani sana niwe nimeona kitu. Hata ubao. Nilipekua kichwa changu chote kutafuta chochote nilichopita, na sikupata.

Kuendelea na safari hakukuwezekana. Kayaki ilivutwa juu ya mchanga na mimi nikakaa na wanawake. Nilikuwa nimevaa taiti za mazoezi, mwili mzima chumvi, katikati ya akina mama waliojifunga leso mbili mbili. Dama akanipa leso nikajifunga. Nikaletewa chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, na mahamri. Jamaa wa tuktuk akapiga simu nikamwambia asinisubiri.

Mama Kahindi alikuja akakaa kando yangu. Hakukaa na ndugu zake. Alikaa na mimi.

Nilimwambia pole. Akasema, "Nishapoa."

Kazini nimejifunza kwamba mtu akilia usimguse, mpe tishu na umwachie nafasi. Yeye hakulia. Alishika ncha ya mkono wa fulana yangu iliyolowa, akaishika vivyo hivyo mpaka ikakauka. Sikujua nifanye nini, nikamwachia.

Halafu akaniuliza, "Uliponipungia mkono, wewe ulikuwa wafikiri nini?"

Nikamjibu, "Nilifikiri mnanifurahia."

"Twalikufurahia," akasema.

Alasiri boti zikarudi. Watu wote walisimama. Wale wa kwenye boti hawakuita wala hawakuinua kitu, walizima mashine mbali wakaja polepole, na kila mtu akakaa tena kabla hawajafika. Niliondoka jioni kwa boda. Kayaki niliiacha, nikaambiwa itawekwa kwa akina Dama, na tukapeana namba za simu.

Kesho yake nikiwa kazini, Dama akanitumia ujumbe. Kahindi alikuwa ameonekana upande wa Watamu, karibu na mlango wa ule mkono wa bahari wa Mida. Hakuwa hai. Nilisoma ule ujumbe, nikamuuliza mgonjwa aliyekuwa mbele yangu jina la tatu, akanijibu, nikashindwa kuliandika. Nikaenda chooni nikalia. Kwa hiyo dada yangu, kama unasoma hapa, ile friji iliharibika siku hiyo.

Matangani nilienda. Nilisimama nyuma kabisa, kwa sababu sikuwa ndugu wala jirani, na niliogopa mtu ataniuliza mimi ni nani wa marehemu. Mama Kahindi akaniona. Akaniita mbele ya shangazi na wajomba, akanishika mkono, akawaambia, "Huyu ndiye aliyekuja."

Hakuna aliyeuliza zaidi.

Sasa nifike kwenye sababu ya huu uzi, maana hadi hapo ningeweza kukaa nayo moyoni.

Tangu matanga yaishe, Mama Kahindi hunipigia simu. Si kila siku. Ananisalimia, anauliza watoto, anauliza kazi. Mara ya mwisho akaniambia hivi, na nayaandika kama alivyosema:

"Mwanangu, siku utakayopita tena baharini, nipigie nije nikae ufuoni. Mimi nilimwona Kahindi akija. Nilimwona vizuri, mzima, akipiga kasia kwa nguvu zake. Tangu pale uliponyoosha mkono mpaka uliponifika, nilikuwa na mwanangu. Najua ni wewe. Sikurukwa na akili, Mulungu ni shahidi. Nataka nione tena kidogo tu."

Nilimwambia nitafikiria.

Nikampigia Dama. Dama hataki hata kusikia. Ananiambia mamake ameanza kula vizuri, ameanza kwenda shambani, na mimi nikitokea tena pale kwenye maji nitamrudisha nyuma. "Akuone kwa barabara," ananiambia. "Njoo na tuktuk, uichukue kayaki yako, unywe chai, uende. Baharini usitokee."

Dama ana haki. Yeye ndiye anayelala nyumba moja na yule mama. Lakini Mama Kahindi ni mtu mzima, anajua anachoomba, na katika watu wote waliokuwa ufuoni siku ile, yeye peke yake ndiye ambaye hakunilaumu hata kwa macho.

Mafunzo, kwa wale mnaotaka kujaribu kayaki pwani yetu. Life jacket vaeni, maji bebeni, ratiba ya kupwa na kujaa iangalieni. Hayo mtayapata popote. La kwangu ni hili: kabla ya kuingia, tafuteni mtu ufuoni, muamkieni, muulizeni kuna habari gani ya bahari. Na mkifika katikati mkakuta hakuna hata hori moja, msifurahi kama nilivyofurahi mimi. Rudini mkaulize.

Kayaki bado iko kule, imegeuzwa kifudifudi kando ya jiko la Dama. Jumapili hii maji yatajaa asubuhi, na upepo bado ni kaskazi. Naweza kuitoa pale alfajiri kabla mtu hajaamka, nizunguke juu kidogo, halafu niteremke nikitokea upande ule ule, jua likiwa mgongoni. Au nipakie kwenye tuktuk nirudi Barani na nisiiguse tena.

Wakuu, hasa nyinyi mliozaliwa pwani, na hasa mliowahi kumpoteza mtu majini, mngekuwa ni nyinyi mngepita? Wenye kejeli leo nawaomba mnipishe kidogo, mtarudi kwenye nyuzi zangu nyingine.

Jumamosi jioni Mama Kahindi atapiga simu. Ameniambia hatanilazimisha, anataka tu kujua kama aamke mapema.