Gari Si Ng'ombe wa Kimanagan

Siku moja naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyocheka mbele ya senge yangu, dada wa baba, nikidhani namsimulia jambo la kuchekesha. Nakuambia haya kwa sababu samansi yako ya korti, ya lile deni la pikipiki, nimeiona, na wewe pia nimekuona ukiicheka.

Wakati huo nilikuwa na pikapu ya mkopo, nikibeba maziwa kutoka Mogogosiek. Mwanzoni biashara ilikwenda. Kisha mvua ikaja, barabara zikaharibika, na maziwa niliyopakia mabichi yakawa yanafika yameshakuwa maziwa lala. Wateja wakanihama, nami nikashindwa kulipa. Madalali waliotumwa na wakopeshaji walinikuta Kapsoit. Hawakuwa watu wabaya. Waliteremsha mitungi yangu, wakaipanga kando ya barabara, kisha wakaondoka na gari. Nilirudi nyumbani na aibu yangu, lakini usiku ule nilipata usingizi mtamu.

Unajua kwa nini? Sisi Wakipsigis tuna kimanagan. Rafiki anakupa ng'ombe wake umtunze, nawe unakunywa maziwa. Akimtaka anakuja kumchukua, mnaagana vizuri, na hakuna anayemdai mwenzake. Mimi niliihesabu pikapu hivyo. Mwenye mali amechukua mali yake, yameisha.

Hayakuisha. Gari liliuzwa kwa mnada, bei yake haikulifikia deni, na wakopeshaji wakanishtaki kwa kilichobaki pamoja na riba. Basi senge alipotoka Longisa kututembelea, nikamwambia huku nacheka, "Senge, hebu sikia hawa watu. Wamechukua ng'ombe, sasa wanadai mpaka kamba yake."

Senge hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Umewajibu?"

"Niwajibu nini? Nimewanyamazia tu. Watachoka."

"Hiyo gari haikuwa kimanagan," akasema. "Rafiki anakupa ng'ombe bila sahihi. Wewe uliweka sahihi. Korti ikikuita ukanyamaza, huyo amekushtaki atajijibu mwenyewe, na hakimu atamwamini, kwa sababu hakuna mwingine amesema. Halafu watakuja kwa chai ya baba yako."

Hapo kicheko kilinikauka. Kile kishamba cha chai ndicho pekee baba alichoniachia. Nilikuwa nimelelewa kwamba mtu akikulaumu, adabu ni kunyamaza mpaka amalize. Ni adabu nzuri, na hadi leo naipenda, lakini korti haiijui.

Kulipokucha senge alinisindikiza Kericho. Kwenye masjala ya korti karani akatueleza kwamba jibu ni la maandishi na lina siku zake, na zangu zilikuwa ukingoni. Wakili mmoja kijana akaniandikia. Sikukana kwamba nilikopa, maana nilikopa. Niliuliza tu: gari liliuzwa vipi, kwa bei gani, na mimi nilijulishwa lini? Nikaambatanisha risiti zangu zote.

Ikaonekana kwamba baadhi ya malipo yangu hayakuwa yamehesabiwa, na mnada ulifanyika bila mimi kuarifiwa. Usidhani nakuuzia miujiza, sikutoka bure. Deni lilipunguzwa, likapangwa nilipe kidogo kidogo, na bonasi ya chai, ile ya kiwanda ya kila mwaka, ikalimaliza. Dawa ya deni ni kulipa, lakini lipa lililo lako.

Kwa hiyo, mwanangu, pikipiki yako wamechukua, sawa. Usijidanganye kwamba deni limepanda juu yake likaenda nayo. Soma siku ulizopewa kwenye hiyo samansi, ujibu kabla hazijapita, hata kama unajua unadaiwa. Ulichokopa usikikane, na hesabu ambayo hujaonyeshwa usiikubali. Tafuta risiti zako leo. Ukikosa pesa za wakili, uliza, kuna wanaosaidia. Mficha uchi hazai. Wala usiniambie watachoka. Anayedai hachoki, anayechoka ni anayejificha.

Jumatatu nitakusindikiza mpaka mlango wa korti, kama senge alivyonisindikiza mimi. Kuingia utaingia mwenyewe. Mungu akupe sauti siku ya kuitwa, na chai hii niliyokaribia kuipoteza kwa kunyamaza, uje uwaachie watoto wako.