Mlinzi wa Bwawa na Baba Mkwe

Mwanangu, mimi hakuna jambo linaloweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, nikabeba mikungu ya ndizi kichwani kutoka Suma hadi Tukuyu mjini. Miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, wenye vyeti walikuwa bado wanajadiliana, mimi nimeshanunua lori. Nimeibiwa na karani, nikaibiwa na mzee wa kanisa, nikaibiwa na shemeji yangu mwenyewe. Kwa hiyo mtu akinichekea, mimi nashika mfuko. Lakini ipo siku moja naikumbuka kila nikiona maji yametulia.

Nilikuwa nimejenga nyumba ya wageni njia ya kwenda Kyimo, na nyuma yake nikachimba bwawa la kuogelea. Watu walicheka sana. Tukuyu hii ya mvua na baridi, nani atakayeoga nje? Nikawaambia, Wazungu wanaopita kwenda Malawi. Ila bwana afya akasema bwawa halifunguliwi bila mwokoaji aliyefunzwa na kupewa cheti. Majirani wakapata la kusema: "Mwokoaji tena? Kwani Yesu kashindwa?"

Vijana walikuja na vyeti vyao kutoka Dar. Nikaviangalia juani kimoja kimoja. Vingine mhuri ulikuwa unang'aa kuliko jina. Nikajisemea, mgeni nikimpa bwawa leo, kesho nakuta mashuka yamehama. Nikaamua kumpeleka mafunzo mke wangu mwenyewe, Atupele. Yeye kazaliwa Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na maji kwake ni kama barabara.

Mkufunzi alikuwa Mwalimu Hamza, mtu wa Tanga, baharia mstaafu aliyefundishia Mbeya mjini. Aliwafundisha wanafunzi wake kumkamata anayezama kwa nyuma ili asikuzamishe, kumwinua kidevu, kumrudishia pumzi, na zaidi ya yote, kutoondoa macho majini. Mafunzo yalipokwisha nikaenda kuchukua cheti. Akaninyima.

"Mkeo anaogelea kuwashinda wanaume wote hapa," akaniambia. "Lakini nilimuuliza kama yuko mtu ambaye hatamgusa hata akizama. Akasema yupo mmoja. Mimi cheti chenye 'isipokuwa' siandiki, bwana mkubwa."

Nikamkazia macho. Rushwa nimeisikia ikiitwa majina mengi, hilo lilikuwa jipya.

"Hiyo isipokuwa ni shilingi ngapi?"

Alicheka hadi akakohoa. "Nenda kamuulize mkeo."

Sikumuuliza. Nilikuwa na hakika mtu yule anataka chai, na kwamba kicheko chake ni cha kunipandishia bei. Nikamnunulia Atupele filimbi, nikafungua bwawa bila cheti.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baba yangu akaja kuona kazi ya mwanawe. Alivaa koti zito na mabuti. Sasa elewa, mwanangu: kwa sisi Wanyakyusa wa zamani, mke na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Mzee akipita njiani, mke anaingia migombani mpaka apite. Kumgusa ndiyo usiseme. Mambo hayo nimezaliwa nayo, lakini kichwa changu chote kilikuwa kinamchunguza yule Mtanga.

Atupele alipomwona mzee tu, akafanya anavyofanya mke mwenye heshima. Akavuta kitenge usoni, akajificha nyuma ya ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo. Baba akasogea ukingoni.

"Maji mazuri hivi," akasema, "mnayakojolea?"

Kabla sijamjibu aliteleza kwenye vigae vilivyolowa mvua. Nikasikia mshindo. Lile koti likamvuta chini, na mimi tajiri mwenye bwawa sijui kuogelea.

"Atupele! Atupele!"

Akatoka, kitenge kimemfunika uso wote. "Baba Lusajo," akaniita, "nani ameanguka?"

"Ni Tata! Baba yangu!"

Akasimama kama kisiki. Mkono wa baba ulitokeza juu ya maji, ukapotea.

"Nikimgusa, lawama ya nani?" akauliza.

"Yangu! Ingia, mama wee, ingia!"

Kitenge kilianguka chini, na yeye alikuwa ameshaingia. Alimshika baba kwa nyuma, kidevu juu, vile vile alivyofundishwa, akamleta mpaka ngazini. Baba alipoanza kutapika maji, Atupele aliokota kitenge chake akakimbilia migombani. Huko tukamsikia analia.

"Nani amenishika?" baba akauliza.

Akasikiliza kile kilio, akaelewa.

"Huyo binti hana kosa. Ameniokoa. Lakini wewe! Unamweka mkwe wangu alinde maji, ulifikiri mimi sizami? Leta ng'ombe dume tuimalize aibu hii. Utoe wewe, siyo yeye."

Ng'ombe akachinjwa, sala ikasomwa, na tangu siku ile Atupele aliruhusiwa kumsalimia mzee uso kwa uso. Mwalimu Hamza, aliposikia kwamba ile 'isipokuwa' imekwisha, alikuja kula nyama, cheti cha Atupele kiko mfukoni mwake. Hakudai hata senti. Hicho nacho nilikiangalia juani.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Shuku mhuri, shuku kicheko. Ila mtu akikunyima kitu na kukutajia sababu, ichunguze sababu kwanza kabla hujatafuta mfuko wake. Na mtu wa kulinda roho za watu usimpime kwa kuogelea peke yake. Muulize ni nani asiyeweza kumtazama, na ni nani asiyeweza kumgusa, akujibu kabla hujamkabidhi maji.

Mungu akupe pumzi ndefu, na siku utakayoteleza awepo mtu wa kukushika bila kuuliza wewe ni nani. Yule dume niliuziwa na mtu wa Kisondela aliyeona wazi kwamba nina haraka: shilingi elfu themanini na saba na mia tano.