Nilivyojifunza Kuteleza Thelujini kwa Soksi

Nakiri mbele yenu: mimi mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimejifunza kuteleza thelujini nikiwa na soksi tu, ndani ya nyumba ya wazee hapa ughaibuni, mjini Blacktown, ninakofanya kazi ya kuwatunza.

Ilikuwa wakati wa korona, wageni hawaruhusiwi kuingia. Bibi Joan, aliyewahi kufundisha watu mchezo wa ski, yaani kuteleza thelujini milimani, alikuwa na siku nne hataki kula wala hasemi neno. Nikafunga mlango wa chumba chake, nikamwomba anifundishe. Macho yakamng'aa.

"Vua viatu. Kunja magoti, mikono mbele."

Nikakimbia, nikateleza kwenye sakafu, nikaanguka chali kama gunia la mihogo. Barakoa ikapanda hadi machoni.

"Umeegemea nyuma kwa sababu unaogopa," akasema. "Anayeegemea nyuma ndiye huanguka. Inamia kule kule unakoogopa, mwanangu, miguu itakutii."

Nikarudia, kifua mbele. Niliteleza wima mpaka dirishani, nikapiga kigelegele kama niko harusini. Bibi Joan akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Ndipo nikasikia makofi nje ya kioo. Binti yake alikuwa amekuja kumsalimia dirishani, kumbe ameniona tangu nilipoanguka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Yeye wala hakunitazama. Alikunja magoti pale bustanini, akanyoosha mikono mbele, akimwonyesha mama yake huku analia.